Uzoefu wangu na mashine ya kuondoa chumvi katika mashua ya makasia ya mtu mmoja

Mashine ninayoieleza hapa ni ile ndogo ya volti 12 inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, ambayo niliifunga katika mashua yangu kabla ya kuvuka Atlantiki peke yangu kwa makasia, kutoka La Gomera katika Visiwa vya Canary hadi Antigua. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa sababu mashine za aina hii zinafanana sana kwa ndani, na ninayoyasema yanaweza kumfaa hata aliyenunua kwingine.

Njia hiyo ina takriban maili 2,600 za baharini, na hakuna mashua ya mita sita au saba inayoweza kubeba maji ya safari nzima. Mpiga makasia hutokwa na jasho mchana kutwa, na chakula chake karibu chote ni kile kilichokaushwa, kisicholika mpaka kitiwe maji, kwa hiyo lita 10 kwa siku si anasa. John Fairfax, aliyekuwa wa kwanza kuvuka bahari kuu peke yake kwa makasia, alitumia siku 180 mwaka 1969 kutoka Gran Canaria hadi Florida, na njiani alipata msaada wa meli alizokutana nazo. Siku hizi tegemeo letu ni pampu.

Kila lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Pampu huyasukuma maji hayo kwa shinikizo la takriban baa 50, yaani mara 50 hivi ya msukumo wa hewa ya kawaida, dhidi ya utando wenye vitundu vidogo mno, maji machache yakapenya, na sehemu kubwa ikarudi baharini pamoja na chumvi yake. Yangu ilitoa lita tano kwa saa kwa kutumia ampea nne, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye kijitabu, na ladha ya maji sina neno nayo, mradi umwage yale ya dakika chache za mwanzo. Umeme ndio wenye hesabu ngumu. Mbingu zikifunga mawingu siku mbili mfululizo, paneli za sola hazishibishi betri, na unalazimika kuchagua kati ya maji na usukani unaojiendesha. Mimi nilichagua maji kila mara, nikaukaza usukani kwa kamba.

Lawama yangu kubwa ni kwamba mashine hii imebuniwa na mtu anayeiwazia ikiwa juu ya meza ya karakana. Mashua inapoyumba ubavuni, tundu la kunyonyea hutoka majini, hewa ikaingia kwenye bomba, na mlio wa pampu ukabadilika ghafla kutoka mngurumo mzito hadi mkwaruzo mkavu. Dawa yake ni kulegeza nati moja nyuma ya chujio la awali, kusubiri mapovu yaishe, kisha kuikaza tena. Kazi hiyo ni ya dakika mbili bandarini. Baharini niliifanya nikiwa nimelala kifudifudi, taa ya kichwani ikimulika shimo lisiloingia mikono miwili, na vidole vimepasuka kwa chumvi kiasi kwamba spana haikushikika mpaka niifunge kitambaa. Kwa hiyo swali la lita ngapi kwa saa, ambalo wauzaji hulijibu kwa furaha, mimi naliona la pili. La kwanza ni kama mtu mmoja aliyechoka anaweza kuifungua na kuifunga gizani.

Pampu ya mkono ya akiba ni ya lazima, lakini asikudanganye mtu kwamba inachukua nafasi ya ile ya umeme. Niliyobeba ni ndogo kabisa, inayotoa chini ya lita moja kwa saa ukiisukuma mara 40 kwa dakika bila kupumzika, tena kwa mikono ileile iliyoshinda kwenye makasia. Inatosha kukuweka hai; kupiga makasia siku inayofuata ni habari nyingine.

Nimeulizwa na jamaa wa Mafia kama ingewafaa wavuvi wanaolala baharini. Kwa bei yake na vipuri vyake adimu, jibu langu ni hapana. Madumu yatawafikisha bila kumsubiri fundi.

Upande wa huduma, muuzaji alijibu barua pepe zangu upesi na kunitumia oringi mpya (pete za mpira za kuzuia mvujo) bila malipo, ingawa zilinifikia baada ya safari kwisha. Ningeinunua tena, ila tundu la kunyonyea ningelitoboa karibu kabisa na mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Anayetaka iliyotumika amwulize mwenyewe kama aliijaza dawa ya kuhifadhia alipoiweka kando, kwani utando ukiachwa na maji ya bahari yaliyosimama huota vijidudu na kunuka, na kuubadilisha ni gharama kubwa.