Ndoano ya unyoya au wavu wa sambaza?

Hapa Bukavu, ukitaka watoto wa mtaa walijue Ziwa Kivu, njia ni mbili. Ya kwanza ni ndoano ya unyoya: mtoto anafunga uzi na unyoya wa kuku kwenye ndoano mpaka ifanane na mdudu. Ili amdanganye samaki, lazima kwanza ajue samaki anakula nini, na mdudu huyo anazaliwa wapi. Hiyo tayari ni biolojia, tena mchana, ukingoni.

Ya pili ni kutoka usiku na wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa hili), mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zikivuta samaki. Inapendeza (na nyimbo zao!), lakini mtoto anabaki mtazamaji. Mimi ningeanza na unyoya. Sambaza, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wangoje hadi mtoto ajue kuogelea.