Beau Travail: husuda ya afande mmoja, ilivyotazamwa Mtwara

Filamu ya Beau Travail, iliyoongozwa na Mfaransa Claire Denis na kutoka mwaka 1999, ilishika nafasi ya 7 katika kura ya wahakiki iliyoendeshwa na jarida la Uingereza la Sight and Sound mwaka 2022. Anayeitazama kwa sababu ya sifa hiyo, akitarajia mapigano kwa kuwa wahusika ni askari, atachoka mapema, kwa maana hakuna vita ndani yake wala adui anayeonekana. Kuna wanaume wanaofanya kazi juani, na mmoja wao anaoza taratibu kwa kijicho. Tuliitazama Shangani, sebuleni kwa rafiki, picha ikiangazwa ukutani, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa filamu chache ambazo hazihitaji maneno ili mtazamaji aelewe kinachomtafuna mhusika.

Kisa chenyewe ni chepesi. Galoup, afisa mteule katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa, yaani kikosi cha nchi hiyo kinachoandikisha askari kutoka mataifa mbalimbali, anaandika kumbukumbu zake huko Marseille baada ya kupoteza kazi, akikumbuka siku ambazo kikosi chake kilikuwa Djibouti chini ya kamanda Forestier, mtu mtulivu anayetafuna mirungi na ambaye Galoup anamheshimu kupita kiasi. Anaingia askari kijana aitwaye Sentain, mzuri wa sura, mpole, mpendwa wa wenzake. Helikopta inapoanguka, kijana huyo anaokoa mtu na kamanda anamsifu, na tangu hapo Galoup hana amani tena. Mzizi wa hadithi ni Billy Budd, riwaya fupi ya Mmarekani Herman Melville inayohusu mabaharia, ambayo mtunzi wa muziki Mwingereza Benjamin Britten aliigeuza kuwa opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, mwaka 1951, na sauti za opera hiyo ndizo zinazopanda wakati askari wakifanya mazoezi jangwani.

Mazoezi hayo ndiyo moyo wa filamu. Yeyote aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ataitambua kwata, kuruka vizuizi, kutambaa chini ya nyaya na zile nyimbo za mchakamchaka ambazo kila jeshi lina za kwake. Lakini hapa mtaalamu wa dansi, Bernardo Montet, ameyapanga mazoezi hayo hadi mtazamaji hajui tena mstari kati ya amri na ngoma umepita wapi. Katika onyesho moja askari wanasimama wawili wawili, vifua wazi, wanarukiana na kukumbatiana kwa kishindo, wanaachana, wanarudia. Katika jingine wanapiga pasi. Kamera ya Agnès Godard, aliyepewa tuzo ya filamu ya Ufaransa iitwayo César, ya upigaji picha, kwa kazi hii, haina haraka hata kidogo: inafuata mkunjo wa sare unavyonyooshwa na mikono ya wanaume waliozoea bunduki, kisha inapanda hadi kwenye uso wa Galoup anayekagua. Hatamki neno. Denis Lavant, mwenye uso uliojaa makovu na mwili mfupi ulioshikana, anaicheza nafasi hii kwa macho yake, akiwa pembeni kila mara, akitazama kundi ambalo anaweza kuliamuru lakini hawezi kuwa mmoja wao.

Gere linageuka kitendo pale Sentain anapompa maji mwenzake aliyeadhibiwa kuchimba shimo juani. Galoup anaipiga chupa ya maji ikaanguka, kijana anamrudishia kofi, na hilo linatosha kumpeleka mbali jangwani na kumwacha arudi kwa miguu, akiwa na dira iliyoharibiwa makusudi. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi aliyekuwa nasi alikasirikia zaidi jambo hili la dira kuliko husuda yenyewe. “Wanangu, askari hapokei dira bila kuikagua,” alisema, na hakuacha kulirudia hadi mwisho. Kinachofuata kinapigwa kwenye uwanda wa chumvi, na mtu aliyewahi kupita kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi wakati wa kiangazi, weupe ukimrudishia jua usoni kutoka chini, ataona midomo ya Sentain iliyopasuka na kujua kwamba hakuna kilichotiwa chumvi hapo.

Sitasimulia onyesho la mwisho lote. Inatosha kusema kwamba Galoup yuko peke yake ukumbini mwa disko, amevaa nguo nyeusi, sigara mkononi, wimbo wa dansi wa miaka ya 1990 unaanza, na mwili ambao kwa muda wote huo umekuwa umebanwa kama ngumi unafunguka kwa namna iliyotufanya tucheke kwanza, kisha tukanyamaza.

Lawama yangu moja ni nzito. Djibouti ilipata uhuru wake mwaka 1977, lakini wenyeji katika filamu hii, hasa wanawake, wanabaki watazamaji wa kando ya barabara au wenzi wa kucheza nao usiku, na hata Rahel, mpenzi wa Galoup, hatuambiwi anawaza nini. Huenda mwongozaji, ambaye alikulia Afrika, amekusudia tuone jinsi wageni hao wasivyo na maana kwa watu wa pale, kwa kuwa wenyeji huwakodolea macho kama watu wanaoangalia mchezo wasioelewa faida yake. Nakubali kwamba mtazamo huo una uchungu wake, ila haumwondolei mtazamaji wa pwani hii hisia kwamba nusu ya nchi imeachwa nje ya picha.

Lugha inayotawala ni Kifaransa, na maandishi ya Kiingereza tuliyoyapata chini ya picha yalitosha, kwa kuwa mazungumzo ni machache. Urefu wake ni dakika 90 na ushee. Si filamu ya banda la video, ambako mtu hulipia vurumai, wala si ya simu, kwani kwenye kioo kidogo bahari, mawe na miili ya askari hupotea; tafuta ukuta mweupe, spika zinazoeleweka, na usiku ambao watoto wamekwisha lala.