Mapitio: Oxford English Dictionary ya mtandaoni, pamoja na kamusi yake ya visawe vya kale

Oxford English Dictionary, ambayo wengi huiita OED, siku hizi hupatikana zaidi kwa usajili wa mtandaoni unaolipiwa, na anayefikiria kutoa fedha zake anapaswa kujua kwanza kwamba kamusi hii haikuandikwa ili kumwambia mtu neno linatumikaje leo. Kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi, na kwa gharama ndogo, na kamusi za wanafunzi. OED huandika wasifu wa neno: lilionekana lini kwa mara ya kwanza katika maandishi, lilibeba maana gani mwanzoni, maana zipi ziliongezeka baadaye, na kama halitumiki tena, lilitoweka lini. Kila hatua huthibitishwa kwa nukuu zenye mwaka. Maana hupangwa kwa umri wake, wala si kwa wingi wa matumizi, na hapo ndipo mtumiaji mgeni hupotea.

Mfano mwepesi ni "nice", neno ambalo kila mtoto wa shule hulijua kwa maana ya kitu kizuri au mtu mwema. Anayefungua kidahizo chake, yaani neno linaloelezwa katika kamusi pamoja na maelezo yake, hukutana kwanza na maana ya upumbavu, kwa sababu neno hilo lilitoka katika Kilatini "nescius", yaani asiyejua, likapitia Kifaransa cha kale ndipo likaingia Uingereza. Kabla ya kufika kwenye uzuri itabidi apite kwenye uchaguzi wa kupita kiasi, kwenye uangalifu wa mambo madogo na kwenye tofauti nyembamba inayohitaji jicho kali. Maana zilizokufa hutiwa alama ndogo mfano wa msalaba. Asiyeizoea alama hiyo anaweza kuchukua maana iliyokufa karne kadhaa zilizopita akaiweka katika barua ya kuomba kazi.

Hata hivyo, mpangilio huo ndio unaoipa kamusi thamani yake, na neno linalolionyesha jambo hilo vizuri ni "let". Leo kitenzi hiki kina maana ya kuruhusu. Katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, mwanamfalme Hamlet anashikwa na wenzake asiufuate mzuka wa baba yake, naye anaapa kumgeuza kuwa mzuka mtu yeyote atakayem-"let". Kwa Kiingereza cha leo Hamlet anaonekana kumtishia anayemruhusu kwenda, jambo lisiloingia akilini. OED inalifumbua fumbo hilo kwa kuweka vidahizo viwili: kimoja kinatokana na kitenzi cha Kiingereza cha Kale chenye maana ya kuacha na kuruhusu, na kingine kinatokana na kitenzi tofauti kabisa, chenye maana ya kuchelewesha na kuzuia. Yalikuwa maneno mawili yenye sura mbili, yakasogeleana kimatamshi mpaka yakafanana, na lile la kuzuia likafifia taratibu. Limebaki katika pembe chache tu. Katika tenisi, mpira wa kuanzishia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali panapostahili, hutamkwa "let" na mpira hurudiwa. Katika pasipoti ya Uingereza, mwenye pasipoti huombewa apite bila "let" wala kizuizi, maneno ambayo wengi wanayabeba mfukoni bila kujua kwamba moja kati yake ni kisawe cha jirani yake.

Ni rahisi kuona faida ya jambo hili kwa wafasiri. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na Samuel Mushi akatafsiri nyingine mbili, wakati ambapo kamusi hii ilipatikana kwa majuzuu mazito ya karatasi peke yake. Anayeifuata njia yao leo, akiwa na intaneti, hana udhuru wa kukisia.

Ukubwa wa kazi yenyewe unastahili kutajwa kwa ufupi. Wazo lilitoka kwa Chama cha Filolojia, yaani cha wachunguzi wa lugha, cha London mwaka 1857. James Murray akashika uhariri mwaka 1879. Sehemu ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, Murray akiwa ameshafariki. Wasomaji wa kujitolea walituma nukuu kwa mamilioni katika vikaratasi. Toleo la pili, la mwaka 1989, lilijaza majuzuu 20, na humo neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zaidi ya 400. Wahariri wa toleo la tatu walipolifikia "run" mwaka 2011, kitenzi hicho kilipatikana na maana 645, na mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alitumia takriban miezi tisa. Inastaajabisha kwamba maneno yanayotesa wahariri hivi ni yale mafupi ya kila siku, ambayo hakuna mtu hujisumbua kuyatafuta katika kamusi. Maneno makubwa ya kitaalamu huishia katika mistari michache.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote imeunganishwa na OED ingawa asili yake ni kwingine. Ni kamusi ya visawe vya kihistoria iliyoanzishwa na Michael Samuels katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1965, ikakamilishwa chini ya Christian Kay na kuchapishwa mwaka 2009 katika majuzuu mawili yenye maana zipatazo 800,000. Mwaka 1978 jengo lililohifadhi vikaratasi vya kazi hiyo lilishika moto, lakini vikaratasi vikapona kwa kuwa vilikuwa ndani ya makabati ya chuma. Kamusi hii huanza na dhana: unachagua kitu, nayo inakupangia kwa miaka majina yote ambayo Waingereza wamewahi kukipa. Ina hata maneno ya Kiingereza cha Kale ambayo OED haina, kwa kuwa OED iliamua tangu awali kuyaacha maneno yaliyokufa kabla ya mwaka 1150.

Msomaji wa Kiswahili aanzie kwenye majina ya undugu. Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na mpangilio ambao hauhitaji kuelezwa mara mbili kwetu. Ndugu wa kiume wa mama aliitwa "eam", na ndugu wa kiume wa baba "fædera", kama tunavyotenga mjomba na ami. Dada wa baba alikuwa na jina lake, na dada wa mama lake, kama tunavyomtenga shangazi na mama mdogo au mama mkubwa. Kisha Kifaransa kikaleta "uncle" na "aunt", na mipaka yote ikafutika. Cha kuchekesha ni kwamba maneno haya mawili, ukiyafuata hadi Kilatini, yalikuwa na mipaka vilevile: "avunculus" alikuwa mjomba peke yake, na "amita" alikuwa shangazi peke yake. Kwa hiyo Mwingereza anayemwita ndugu wa baba yake "uncle" anamwita, kwa asili ya neno, mjomba. Neno la kale "eam" halikufa mara moja. Liliendelea kuishi kwa umbo la "eme" katika lahaja za kaskazini na Scotland kwa karne nyingi, na OED ina nukuu zake.

Kasoro zipo. Marekebisho ya toleo la tatu bado yanaendelea, hivyo kidahizo kimoja huwa kimeandikwa upya na jirani yake bado kina maelezo ya enzi za Malkia Victoria. Wahariri waliamua kuanzia kwenye herufi M badala ya A, kwa hoja kwamba waasisi walipofika katikati ya alfabeti walikuwa wameshatulia katika kazi yao. Kila kidahizo huonyesha kilichapishwa lini na kama kimepitiwa upya, na taarifa hiyo isomwe kabla ya maana yoyote. Vidahizo vikubwa kama "run" vinachosha kuvisoma kwenye simu, kwani matawi na vijitawi vya maana havina mwisho.

Kuhusu Kiingereza cha kwetu, kamusi haijalala. "Safari" imo tangu zamani, na mwaka 2022 iliongezwa au kurekebishwa orodha ya maneno karibu 200 ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwamo "daladala", "nyama choma" na "singeli". Ni jambo la kufurahisha, japo linauma kidogo kuona historia ya maneno yetu ikiwekewa miaka kwa Kiingereza, ilhali kwa Kiswahili anayetafuta maana za kale bado hulazimika kurudi kwenye kamusi za kale za Kiswahili, ya Krapf ya mwaka 1882 na ya Sacleux ya mwaka 1939.

Mwanafunzi wa sekondari asilipe. Mfasiri, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza na mwanasheria anayesoma nyaraka za kale watapata zaidi ya walichotoa, hasa kwa ajili ya nukuu, ambazo hazina mbadala. Anayetaka visawe tu aanze na tovuti ya Chuo Kikuu cha Glasgow, ambako kamusi ile hutumika bure. Na Mswahili aishiye Uingereza aulize kwanza katika maktaba ya umma ya mtaani kwake, kwa maana maktaba nyingi huko humfungulia OED nzima mwenye kadi bila malipo.