Ushauri wa Kustaafia Ureno Nilionunua Mtwara

Mwezi Mei mwaka 2025 mimi na mume wangu tulilipa shilingi 1,800,000 kwa ofisi moja ya ushauri iliyopo Mtwara mjini, ili watuandalie safari ya kwenda kustaafia Ureno. Sitaitaja ofisi hiyo kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Hata hivyo nimeona ni wajibu wangu kuieleza huduma yenyewe kwa kina, maana wastaafu wenzangu wa mikoa ya Lindi na Mtwara, hasa waliowahi kufanya kazi nje, wameanza kufuatwa na matangazo ya aina hii, na fedha wanayoombwa ni ile ya kiinua mgongo, ambayo mtu huipata mara moja tu maishani.

Nilifanya kazi ya uuguzi Uingereza kwa miaka 22, kisha nikarudi nyumbani Mikindani mwaka 2019. Wengi huniuliza kwa nini mtu aliyekwisha kurudi kwao atake kuondoka tena uzeeni. Sababu ya kwanza ni binti yetu wa pili, anayeishi na wanawe Setúbal, mji wa wavuvi kusini mwa Lisbon. Sababu ya pili ni pensheni. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa anayeishi Ureno, lakini kwa anayeishi Tanzania hubaki palepale ilipoanzia, hata akiishi miaka 30 baada ya hapo. Kiwango kamili kwa mwaka wa fedha 2025/26 kilikuwa pauni 230.25 kwa wiki kwa aliyechangia miaka 35, na changu ni pungufu ya hicho. Ukiwa na miaka 66, na bei ya unga, mafuta na dawa ikipanda kila mwaka, kiasi kisichosogea ni jambo la kukukosesha usingizi.

Nianze na yaliyo mazuri, kwa sababu yapo. Kijana aliyetuhudumia alitupokea kwa heshima, akatusikiliza kwa muda mrefu bila kutazama saa, na alijua vizuri namna ya kupanga majalada. Viza tuliyokuwa tukiilenga ni ile inayoitwa D7, ambayo Ureno huwapa watu wenye kipato kinachoingia bila wao kuajiriwa huko, kama vile pensheni, kodi ya nyumba au gawio. Tulikuwa na pensheni zangu mbili, pensheni ya mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu na hulipwa na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, pamoja na pango la nyumba yetu ya Shangani. Kijana yule alitueleza kwamba pango halitahesabiwa kwa maneno matupu, bali lazima pawepo mkataba ulioandikwa, risiti za TRA na taarifa za benki zinazoonyesha fedha ikiingia mwezi baada ya mwezi. Mpangaji wetu alikuwa akitulipa mkononi siku zote. Tulimbadilishia utaratibu, na hata kama hatutasafiri kamwe, hesabu za nyumba hiyo sasa zimenyooka kuliko zilivyowahi kuwa.

Alitusaidia pia kupata cheti cha tabia njema cha Jeshi la Polisi, akatutafutia mfasiri wa Kireno anayeaminika, akatuongoza kupata namba ya mlipakodi ya Ureno, inayoitwa NIF, ambayo bila hiyo huwezi kufungua akaunti ya benki wala kusaini mkataba wa nyumba kule. Kazi hii ya makaratasi ningeipa alama za juu bila kusita. Kwa mtu ambaye hana mtoto wala ndugu wa kumwelekeza, inastahili sehemu kubwa ya fedha tuliyotoa.

Upungufu ulianza kwenye tarakimu. Kijitabu walichotupa kiliandika kwamba mwombaji anatakiwa kuwa na kipato cha euro 760 kwa mwezi. Kiasi hicho kilikuwa sahihi mwaka 2023, kwa sababu sharti la viza hii limefungwa kwenye kima cha chini cha mshahara cha Ureno, na kima hicho hupanda. Mwaka 2024 kilikuwa euro 820, na mwaka 2025 kikafika 870. Mwenzi huongezewa nusu ya kiasi hicho, kwa hiyo sisi wawili tulihitaji kuonyesha euro 1,305 kwa mwezi, ambazo kwa hesabu niliyoifanya ya shilingi 2,900 kwa euro moja ni karibu shilingi 3,785,000. Tofauti kati ya kijitabu na ukweli ilikuwa zaidi ya shilingi laki nne na nusu kila mwezi. Tungepeleka maombi kwa hesabu ya kijitabu kile, tungekataliwa na ada za viza zisingerudi. Aliyetutanabahisha ni binti yetu, kwa simu, jioni moja tulipokuwa tukimsomea kijitabu kwa furaha.

Kosa la namna hiyohiyo lilikuwa kwenye kodi. Tuliahidiwa kwamba pensheni inayotoka nje ya Ureno hukatwa asilimia 10 tu kwa miaka kumi. Mpango huo ulikuwepo kweli, lakini ulifungwa kwa waombaji wapya kuanzia mwaka 2024, isipokuwa kwa wachache waliokuwa wamekwisha kuanza taratibu za kuhamia. Mtu anayehamia leo hukatwa kodi ya kawaida ya mkaazi, ambayo huongezeka kadiri kipato kinavyoongezeka. Ofisi inayouza ushauri haina kisingizio cha kuuza habari iliyopitwa na wakati, kwa kuwa habari ndiyo bidhaa yake yote.

Lakini lililoniuma zaidi si tarakimu. Tuna shamba la mikorosho ekari tisa huko Nanyamba, ambalo mume wangu alilirithi kwa baba yake na ambalo analipenda kama mtoto. Kila anayelima korosho anajua kwamba shamba halisimamiwi kwa simu. Palizi ina wakati wake, salfa hupuliziwa kuanzia mwezi Juni maua na majani mapya yanapochomoza, na usipokuwepo vijana hupuliza mistari ya mbele tu na kukwambia kazi imekwisha. Kuanzia Oktoba ni kuokota, kuanika, kupeleka chama cha msingi cha ushirika na kusubiri mnada. Ukihesabu vizuri, mwenye shamba anatakiwa awepo tangu Juni hadi Desemba. Mume wangu alimweleza kijana yule haya yote katika kikao cha kwanza kabisa, akamuuliza waziwazi iwapo mtu mwenye kibali cha ukaazi cha Ureno anaweza kukaa Mtwara msimu mzima. Alijibiwa hivi: “Kadi ikishatoka ni yako, baba. Hata ukikaa huku mwaka mzima, hakuna wa kukuuliza.”

Jibu hilo si sahihi, na kwa familia yetu ndilo lililokuwa swali lenyewe. Viza ya D7 hukuruhusu kuingia Ureno na kukaa miezi minne, ambayo ndani yake unafika katika idara ya uhamiaji ya huko, AIMA, ili upewe kibali cha ukaazi cha miaka miwili, ambacho baadaye huhuishwa kwa miaka mitatu. Katika muda wa kibali hicho, mtu hatakiwi kuwa nje ya Ureno kwa miezi sita mfululizo, wala kwa miezi minane ya kuunganisha, bila sababu inayokubalika. Akivuka mpaka huo, kibali chake kinaweza kufutwa. Mume wangu akikaa shambani tangu Juni hadi Desemba, ni miezi saba kwa msimu mmoja, na misimu miwili ni miezi 14. Hakuna namna ya kuipanga hesabu hiyo ikakaa ndani ya miezi minane. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumekwisha kulipa fedha nyingi kabla ya kuambiwa kwamba tunatakiwa kuchagua kati ya kibali na shamba.

Tena ahadi kubwa katika tangazo lao ilikuwa pasipoti ya Ulaya baada ya miaka mitano. Hawakugusia kwamba sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, wala kwamba kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi nchini isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, wala kwamba Bunge la Ureno mwaka 2025 lilikuwa katika mjadala wa kuurefusha muda huo wa miaka mitano. Kwa mtu mwenye mikorosho, habari hizo tatu zina uzito kuliko pasipoti.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa uchungu. Mfanyakazi mwingine wa ofisi hiyo, si yule aliyekuwa akituhudumia, alitudokezea kwamba kwa kuwa tunaishi karibu na mto Ruvuma, tungeweza kutafutiwa vyeti vya Msumbiji, kwa sababu raia wa nchi zinazozungumza Kireno wana njia nyepesi ya kupata ukaazi Ureno. Ni kweli wana njia yao, kwa makubaliano ya mwaka 2021 ya jumuiya ya nchi hizo, na Tanzania haimo katika jumuiya hiyo. Lakini sisi si Wamsumbiji, na kumshawishi mzee akubali cheti cha uongo ni kumpeleka mahakamani kwa miguu yake mwenyewe. Tulimweleza meneja siku hiyohiyo, naye alituomba radhi kwa moyo, na simu za mtu yule hazikutufikia tena. Msumbiji ilitufaa kwa njia ya halali zaidi: jirani yetu aliyesomea Mueda alianza kunifundisha Kireno kibarazani kila alasiri bila malipo, wakati ofisi ilikuwa ikitaka laki tatu kwa masomo hayohayo. Lugha inahitajika kweli, kwa kuwa ukaazi wa kudumu, unaoombwa baada ya miaka mitano, una sharti la kujua Kireno cha msingi.

Januari iliyofuata nilisafiri peke yangu kumtembelea binti yetu kwa wiki saba, na ningependa kila mshauri amlazimishe mteja wake kufanya hivyo kabla ya kusaini chochote, tena wakati wa baridi. Kijitabu kilisifu jua la Ureno, na jua lipo. Kisichoandikwa ni baridi ya ndani ya nyumba, kwa sababu nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto, kuta hushika unyevunyevu, na nililala na soksi na sweta mimi niliyezoea London. Kodi ya nyumba pia haikuwa ile ya kijitabu, iliyokuwa euro 400. Nyumba ya vyumba viwili ya binti yetu ni euro 900 kwa mwezi. Unafuu unaosifiwa uko zaidi bara, katika miji kama Castelo Branco au Guarda, ambako hakuna bahari na baridi ni kali zaidi. Kwa upande wa matibabu niliridhika sana na nilichokiona, kwa kuwa mkaazi husajiliwa katika kituo cha afya cha umma na kupewa namba yake, na ada nyingi za huduma hizo ziliondolewa mwaka 2022. Kinachochosha ni kusubiri, hasa huko AIMA, ambako maombi karibu 350,000 yalikuwa yamerundikana idara hiyo ilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2023.

Siku moja binti yetu alinipeleka katika jumba la makumbusho la sanaa za kale Lisbon, nikasimama mbele ya chombo cha kanisani cha dhahabu kilichokamilika mwaka 1506. Dhahabu yake ni ile aliyotozwa mfalme wa Kilwa mwaka 1502 na Vasco da Gama. Mama yangu alizaliwa Kilwa Masoko. Nilikaa pale muda mrefu, na mjukuu wangu akaniuliza kwa Kireno kwa nini bibi halii wala hacheki.

Niliporudi nilipeleka malalamiko yangu kwa maandishi. Meneja aliturudishia shilingi 400,000, akasahihisha kiwango cha kipato na habari ya kodi katika kijitabu, na akaniahidi kwamba swali la miezi ya kuwa nje ya Ureno litaulizwa katika kikao cha kwanza na kila mteja. Nimekiona kijitabu kipya, na tarakimu zimerekebishwa kweli. Habari ya uraia na ardhi bado haimo. Kwa huduma ya hati ninawapa nyota nne kati ya tano, kwa ushauri nyota moja. Kwa mjane au mgane asiye na shamba, mwenye pensheni ya nje na mtoto aliye Ureno, ofisi hii inaweza kumfaa, mradi kila tarakimu waliyompa aihakikishe ubalozini kabla ya kulipa.

Sisi hatujapeleka maombi. Mume wangu amemchukua mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 26, na msimu huu wanapuliza salfa pamoja, mstari kwa mstari, ili tuone kama shamba linaweza kuachwa mikononi mwake kuanzia Oktoba. Jalada letu lipo kabatini, na cheti cha tabia njema itabidi tukiombe upya.