Pua kavu safarini: CPAP ndogo au ile ya nyumbani?

Kwa anayekatika pumzi usingizini, CPAP (mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe) ya safari inavutia: zipo za gramu 300 hivi, wakati ya nyumbani huzidi kilo moja. Kwa uzito, mjadala umeisha.

Pua ndiyo inayolalamika. Ya nyumbani ina tangi la maji yanayopashwa moto, hivyo hewa hufika na unyevu. Ndogo nyingi hazina tangi. Hutegemea kipande kinachonasa mvuke wa pumzi unayotoa na kukurudishia unapovuta. Ubunifu mzuri, ila ukilala mdomo wazi mvuke hupotelea huko. Lala Dodoma mwezi wa Agosti kiyoyozi kikiwaka, uamke pua inawasha, ina magamba, pengine na damu kidogo.

Tangi nalo lina kero zake: maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji (si ya betri yenye asidi, tafadhali), na kuoshwa kila siku.

Kwa siku mbili tatu nabeba ndogo, pamoja na maji ya chumvi ya kupuliza puani. Wiki nzima? Kubwa, hata bega likiuma. Damu ikiendelea kutoka, muone daktari kabla ya kugusa presha ya mashine.