Kamusi ya 1939 niliyoinunua kwa ajili ya neno moja

Kazi yangu ni kutembeza wageni Kilwa Kisiwani. Ukishuka kwenye boti kutoka Masoko, jengo linalokupokea ni Gereza: kuta za mawe ya matumbawe, mlango wa mbao wenye nakshi, upande wa baharini umeliwa na mawimbi. Wageni hawana swali jingine: "Wafungwa walikuwa wangapi?" Miaka yote nilikuwa nabahatisha. Mwaka jana mama mmoja Mreno akacheka, akasema kwao neno hilo ni kanisa. Niliona haya, mwenyeji kufundishwa na mgeni.

Safari iliyofuata ya Dar nikapita kwa wauza vitabu vya mtumba Posta, nikatoa shilingi 25,000 kwa ile kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza aliyoisimamia Frederick Johnson, iliyotoka kwanza 1939. Yangu ni chapa ya baadaye.

Nilifungua G hapo hapo nimesimama juani. Gereza: ngome, na jela pia. Asili yake Kireno, igreja, yaani kanisa. Kamusi inaishia hapo. Ukipanda juu zaidi utakuta ecclesia ya Kilatini, ambayo nayo Walatini waliitoa kwa Wagiriki.

Kanisa likawaje jela? Nenda Forodhani, Unguja. Pale penye Ngome Kongwe Wareno walikuwa na kanisa. Waomani walipowatoa mwishoni mwa karne ya 17, wakajenga ngome pale pale, na karne ya 19 wakafungiwa watu humo. Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha 1872, anaiita ngome hiyo "Gurayza". Kwa hiyo ukikuta "askari wa gereza" kwenye maandishi ya zamani, usikimbilie kumwona bwana jela na funguo zake. Huenda ni mlinzi wa ngome tu, hana mfungwa hata mmoja. Na letu la Kilwa ni hivyo hivyo: Wareno walijenga ngome 1505, wakaondoka 1512, na sehemu kubwa ya jengo unaloliona leo ni ya Waomani.

Kwa hilo peke yake hela yangu imerudi. Mvinyo nao ulinishangaza: humo ni kileo kikali, si hii ya chupa za Dodoma tunayoijua leo, ingawa mzizi wake wa Kilatini ni vinum, yaani divai ya zabibu.

Sasa lawama. Maelezo yote ni Kiingereza, kwa hiyo kijana wangu wa darasa la sita haimsaidii kitu. Mpangilio unachosha: ukitaka mpishi usimtafute kwenye M, yuko jikoni chini ya pika. Lililonikera zaidi, haikuambii maana ipi ilitangulia wala neno liligeuka lini. Inakumwagia ngome na jela pamoja, upambanue mwenyewe. Mtu wa historia itabidi awe pia na kitabu cha lugha ya Kiswahili cha Edward Steere, cha karne ya 19.

Nakala yangu ina balaa lake. Muuzaji aliapa kwamba imetimia. Nimefika Kilwa nakuta kurasa nne za K hazipo, na gundi ya mgongo imeachia. Hesabuni kurasa kabla ya kulipa.

Naibeba kazini nimeiviringisha kwenye kanga ya mke wangu, chumvi isiingie. (Mombasa wangesema leso, na leso nayo ni ya Wareno.) Juzi nilimsomea nahodha wetu kwamba roda, ile anayopitishia kamba ya tanga, ni Kireno pia, na mzizi wake ni rota ya Kilatini. Akaitazama kule juu mlingotini kwa muda. "Hii?" akasema. "Hii aliichonga babu."