Gpredict na FT-817 mbili kwenye RS-44: nobu au kompyuta?

Gpredict ni programu ya bure ya kufuatilia setilaiti. Ukiifunga kwa kebo kwenye redio mbili za Yaesu FT-817, moja ya kurusha na moja ya kupokea, inakugeuzia masafa setilaiti ikipita juu ya Mwanza. Mbili ni lazima, kwa sababu FT-817 moja haiwezi kurusha na kupokea kwa wakati mmoja. Je, inaushinda mkono uliozoea nobu (kirungu cha kuzungusha masafa)? Kwa SSB (aina ya kurusha sauti inayodai masafa sahihi kabisa) inaushinda, ila si kwa sababu inayotajwa sana, kwamba mkono hauwezi kufuata. Kwa FM ni kujisumbua bure.

Tuimalize FM kwanza. Kituo cha Anga cha Kimataifa kinashusha sauti kwenye 437.800 MHz, na Doppler (masafa kuhama kwa sababu chombo kinakuja au kuondoka kwa kasi) inaisogeza karibu kHz 10 kila upande. Weka memori tano: 437.810, 437.805, 437.800, 437.795 na 437.790, zote zikirusha 145.990 kwa toni ya 67.0 Hz. Sauti ikianza kukwaruza, shuka memori moja. Laptopu ibaki nyumbani.

RS-44, setilaiti ya waredio wa ridhaa, ni habari nyingine. Inapokea kuanzia 145.935 hadi 145.995 kwa LSB, inashusha 435.610 hadi 435.670 kwa USB (LSB na USB ni upande wa chini na wa juu wa SSB; hii USB si ya kebo). Transponda yake, yaani kirudishi cha mawimbi, inapindua: ukipandisha masafa ya kurusha, yale ya kushuka yanateremka, na jumla ya hayo mawili ni 581.605 daima. Kwa hiyo ukirusha 145.965 ungetegemea kujisikia kwenye 435.640. Lakini ikichomoza upande wa Ukerewe na kupita utosini, sauti yako utaikuta karibu na 435.646, na inapozama kusini, dakika 20 na ushei baadaye, iko kwenye 435.634 hivi. Ikiwa utosini inateleza yapata Hz 30 kila sekunde. Mkono uliozoea unaifuata bila jasho, kidole kikisukuma nobu kidogo kidogo huku sikio likichunga sauti isigeuke ya bata.

Tatizo liko kule juu. Anayetumia mkono huacha masafa ya kurusha palepale na kukimbizana na ya kupokea tu. Masikioni mwake kila kitu ni shwari. Kwenye setilaiti, sauti yake inahama karibu kHz 5.8 tangu mwanzo hadi mwisho wa mpito, ndani ya transponda yenye upana wa kHz 60 tu. Inapita juu ya mazungumzo ya wenzake kama bodaboda kwenye njia ya waenda kwa miguu. Gpredict husahihisha pande zote mbili, hivyo kinachofika kwenye setilaiti hakisogei. Hiyo ndiyo faida yenyewe, na majirani zako hewani wanaiona kabla yako.

Kuifunga si kazi ya dakika tano. Kwenye Linux, menyu namba 14 ya kila redio (kasi ya kebo) iwe 38400, kisha washa rigctld, programu inayounganisha redio na Gpredict:

rigctld -m 1020 -r /dev/ttyUSB0 -s 38400 -t 4532

Redio ya pili ipe ttyUSB1 na mlango 4534, maana 4533 kwa kawaida ni wa kizungusha antena. Ukichomoa na kuchomeka kebo, majina hayo mawili yanaweza kubadilishana, na utashangaa kipokezi kikipelekwa kwenye 145. Tumia majina yaliyo ndani ya /dev/serial/by-path. Kebo zenye chipu bandia ni balaa zaidi kwa watumiaji wa Windows: draiva huigundua na kugoma. Kwenye Gpredict chagua transponda, bonyeza "T" ikupeleke katikati, "L" ifunge pande mbili pamoja, halafu "Track" na "Engage". LSB na USB ziweke mwenyewe kwa mkono.

Makosa mengi tunayoyaona hapa yanaanzia kwenye saa na mahali. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini, ukiandika kaskazini umehamia zaidi ya kilomita 500. Saa ya laptopu nayo inaweza kuonyesha dakika sahihi huku eneo la saa likiwa la London, na hapo utasubiri setilaiti kwa tofauti ya saa mbili au tatu, kutegemea msimu. Hata sekunde 2 tu, RS-44 ikiwa utosini, ni kosa la karibu Hz 60, na sikio la SSB linalisikia. Data za mizunguko zisasishe kila wiki.

Halafu joto. Kristali inayoshika masafa ya FT-817 ya kawaida inaruhusiwa kukosea sehemu 4 kwa milioni, yaani kHz 1.7 kwenye 435. Kwenye mwamba wa Capri Point saa saba mchana redio inachemka na kompyuta haijui lolote. Sikiliza kinara cha CW (Morse) cha RS-44 kwenye 435.605, pima kimekosea kiasi gani, ingiza tofauti hiyo kwenye "LO Down", sehemu ya Gpredict ya kusahihisha masafa ya kupokea. Kisha rusha ukihesabu moja, mbili, tatu, na urekebishe "LO Up", ya kurusha, mpaka ujisikie vizuri. TCXO-9, kristali bora inayonunuliwa kando, hupunguza kosa hadi sehemu 0.5, na tungeinunua kabla ya kebo ya pili. Jua lilelile pia hufanya skrini isisomeke, kwa hiyo beba boksi la katoni uifunike.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotezwa na redio, si programu: FT-817 haikubali kubadilishiwa masafa ukiwa umebana PTT (kitufe cha kurusha). RS-44 ikiwa utosini, upande wa kurusha unahitaji marekebisho ya Hz 15 hivi kila sekunde, kwa hiyo hotuba ya sekunde 10 inakupeleka Hz 150 pembeni, na ukiachia, masafa yanaruka kwa mkupuo. Taja alama yako ya 5H (Tanzania), ripoti na KI67 (mraba wa Mwanza kwenye ramani ya waredio), kisha achia.